Kumchora Mama Mkwe Bila Kumtazama

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mke wangu Asia leo kavaa kanga ya kijani. Naandika hilo kwanza kwa sababu ndilo jambo kubwa la leo. Kijani! Kapita uani na ndoo kichwani, nikasahau nilichokuwa natafuta. Baadaye nikakumbuka. Jembe.

Hali yetu ni hii. Tumeoana, Alhamdulillahi, na bado tunaishi hapa Mahurunga kwa mama yake. Chumba nilichopanga mjini, Ufukoni, kinatungoja, na dirisha lake linaingiza upepo wa bahari. Lakini kwa kina Asia mwanamume akioa hukaa kwanza ukweni, aonyeshe mikono yake ina faida gani. Mama mkwe akiridhika ndipo anasema nendeni. Hajasema.

Mikono yangu mpaka sasa imeonyesha jambo moja. Nilipalilia shamba la muhogo, nikang'oa na mbaazi zote. Mama aliguna tu. Asia anasema hajawahi kusikia guno refu vile.

Halafu yupo Zuberi, mwanyumba wangu. Kaoa dada yake Asia. Mwaka jana aliwafukuza viboko kwenye mpunga wa Mama kwa kupiga debe. Leo kaleta mlango. Mlango mzima, kautengeneza mwenyewe! Nimeugonga kila upande nikitafuta kasoro. Hauna.

Basi nimepata wazo, na ni zuri mno. Nitamchora Mama. Uso wake, kwa penseli, na vivuli vyote, kama mtu aliye hai anayetoka kwenye karatasi. Mlango kila nyumba inao.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda mjini. Kwenye duka la mzee Taherali nimenunua penseli ngumu za mistari na laini za giza. Kaniuliza nani anachorwa. Nilipomwambia kasema mashaallah, mkweo ana bahati, akanipa kifutio bure. Mtu mwema sana, hajui lolote.

Mchana kutwa nimejifunza kwenye simu. Unachora duara. Upande mmoja unauacha mweupe, mwanga unatoka huko. Upande wa pili unatia mistari, juu yake mistari mingine inayoikata, kisha unasugua taratibu mpaka giza lilainike. Duara linakuwa mpira. Kwa yule wa kwenye simu linakuwa mpira.

Zuberi kapita akatazama la kwangu. Kasema, "Mwanyumba, geuza, chapati inaungua upande mmoja."

Asia yeye kasema ni mwezi. Kautazama muda mrefu, shingo kaiinamisha, akasema mwezi wenyewe kabisa. Nimeandika chini yake: Mwezi. Nampenda mwanamke huyu!

Jumatano, 8 Oktoba

Tatizo! Nashangaa sikulifikiria mapema.

Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Ndiyo adabu ya hapa. Jina lake silitaji hata humu. Shikamoo yangu naitoa kwa ardhi, na marahaba yake inanifikia kutoka juu, kama mvua. Tangu harusi ninachokijua ni sauti, pindo la kanga na miguu. Sasa nitatiaje kivuli pua nisiyowahi kuiona?

Lakini mimi si mtu wa kukwama. Nimechukua sufuria kubwa nikalisugua kwa jivu na mchanga mpaka likang'aa kama kioo. Nikakaa nimempa Mama mgongo, sufuria mbele yangu, karatasi pajani. Kwa hiyo simtazami. Natazama sufuria. Sheria gani inakataza sufuria?

Uso ukatokea! Mpana, umelala kama boga, jicho moja karibu na ukingo. Nikachora mbio mbio.

Nyuma yangu Mama akamuuliza Asia kwa sauti ya chini mbona mumeo anakodolea sufuria tupu, mchana hakushiba? Nikaletewa ugali. Nikala ili siri isitoke. Nilipomaliza nikarudi kwenye sufuria. Nikaletewa tena.

Alhamisi, 9 Oktoba

Uso wa boga haufai. Nimemwomba Asia anieleze sura ya mama yake. Pua? Kama yangu, kasema, ila ina hasira. Macho? Kama yangu, ila hayasahau. Kila nikiinua kichwa kuona hilo "kama yangu" linavyokaa, nazama humo humo. Karatasi zote zimetoka Asia. Asia akicheka, Asia akinikataza, sikio la Asia peke yake, na kivuli nyuma yake, laini kama manyoya ya kifaranga. Sijutii hata moja.

Mwishoni nimepata uso mmoja: Asia aliyezeeka, upana nimeuongeza kidogo kutoka kwenye sufuria. Nadhani ndiye.

Jioni kidogo nimekosea. Sikufunga banda, mbuzi wakala makopa ya Mama, muhogo wote aliouanika. Kaja mwenyewe kunisema. Wee! Kaanza na mbuzi, akarudi kwenye mbaazi, akaishia kwa baba yangu. Nimeinamisha kichwa kama ipasavyo, penseli mkononi, karatasi chakavu gotini, mkono ukawa unajiendea wenyewe. Nikachora nilichokuwa nacho mbele: miguu yake. Alisema muda mrefu hata nikapata nafasi ya kutia giza chini ya kila kidole. Upuuzi tu wa kutuliza moyo. Karatasi nimeiacha kitandani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Masikini mimi.

Nilikwenda msikitini na vidole vyeusi vya penseli, jua kali, nikajifuta jasho usoni njia nzima. Zuberi kanipokea mlangoni akisema hongera, ndevu hatimaye zimeota.

Tulipotoka sikuweza kujizuia, nikamwonyesha picha. Ajabu, hakucheka. Kaniuliza, "Mwanyumba, umefikiri lakini? Ikifanana naye, basi umemkodolea macho mama wa watu. Isipofanana, umemtukana."

Nikamwambia inafanana nusu.

"Basi umefanya yote mawili," kasema. Akaongeza kwamba kuna mkwe mmoja wa kijiji cha jirani alirudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo. Alirudi peke yake, mke akabaki. Kisha akaenda zake anapiga mluzi.

Peke yangu! Ufukoni, dirishani, bila Asia! Upepo huo wa nini sasa?

Nimerudi mbio kuificha ile sura. Nimetia kivuli machoni. Pua ikawa bado inatazama, nikaitia nayo. Kisha mashavu, kisha kidevu. Penseli laini zote zimekwisha. Sasa ni mtu aliyekaa ndani ya nyumba isiyo na taa. Limebaki sikio moja tu. Ni sikio zuri, kusema kweli.

Na Mama kashaambiwa kuna zawadi. Nilijisifu Jumatatu. Kesho anaingoja.

Jumamosi, 11 Oktoba

Zawadi ya mama mkwe hupitia kwa mke. Nimemwachia Asia aichukue chumbani, mimi nikajibanza nyuma ya jiko kungoja hukumu.

Mara sauti kama ya mtu anayelia. Nikashika ukuta. Kumbe kicheko! Kicheko cha kutawanya kuku. Mama anaita majirani, njooni, njooni muone! Na nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Hiki si kidole changu nilichojikata kwa jembe? Huyu mtoto tangu aje hapa hajainua macho yake!"

Kidole?

Kisha akasema, taratibu, kwamba mtu mwenye adabu kiasi hiki hakuna haja ya kumshikilia. Mwanangu nenda naye. Muhogo wangu nao utapumzika.

Tunaondoka kesho!

Asia kanikuta pale pale nimekaa chini. Kaniambia alipoifunua ile picha ya giza aliona bora ampelekee mama miguu aliyoikuta kitandani. Nikamuuliza ile nyingine iko wapi. Kasema, "Mume wangu, imewasha moto vizuri sana." Na jinsi alivyolisema! Akanifuta penseli puani kwa ncha ya kanga. Ningechoma picha mia.

Mama kaibandika miguu yake kwenye mlango wa Zuberi, katikati kabisa. Zuberi kaitazama picha, kautazama mlango, kaondoka. Bila mluzi.

Jumanne, 14 Oktoba, Ufukoni

Upepo! Dirisha! Asia anaimba akipika pweza, na mimi nimekaa nikifikiri.

Nimefikiri hivi. Miguu niliichora bila hata kujaribu, na imetupa ruhusa. Je, uso, nikiuchora kwa bidii yangu yote? Kilichoniangusha mara ya kwanza ni kutomwona vizuri, basi. Kivuli kinataka kutazama.

Kwa bahati Zuberi kaja mjini kununua misumari, kapita kutuona. Nimempa ujumbe kwa Mama. Jumamosi nakuja na penseli mpya. Akae nje kwenye kiti, uso kwenye mwanga, asijifunike, anitazame mimi na mimi nimtazame mpaka niridhike.

Zuberi kaniomba niurudie, asije akakosea neno hata moja. Kaurudia mwenyewe, sawasawa kabisa. Hakumaliza chai. Karukia bodaboda, misumari kaisahau mezani! Nimemwambia Asia wivu wa mwanyumba umekwisha, sasa amekuwa ndugu wa kweli, nikamweleza na ujumbe niliomtuma, neno kwa neno.

Asia katupa mwiko. Ametoka nje anaikimbilia ile bodaboda, peku, anaita kwa sauti ya juu.

Anavyokimbia vizuri! Sijui kama kuna penseli ya kuweza hilo.