Kadi Kubwa Kuliko ya Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Juzi tena binti yangu ameshinda kwa mjomba wake, wakicheza mbio za magari kwenye kompyuta. Tangu mama yake afariki, nyumba hii ni kimya hadi nasikia friji ikivuta pumzi. Nimeamua. Nitaunda kompyuta ya michezo ya kumfunika shemeji. Mtoto atarudi mwenyewe. Mpango hauna dosari!

Jumanne, 4 Juni
Kwa fundi wa kompyuta. Nimetaka kadi ya picha kubwa kuliko zote kabatini. Fundi kanisihi: mzee, vifaa viendane. Kadi ya kati, prosesa ya kati, pawa saplai ya kutosha kuvigawia umeme. Ukichukua dude hilo na vingine hafifu, umewafunga ng'ombe na kuku jembe moja. Nikamjibu kwamba shemeji hatazami prosesa. Nimeibeba! Vilivyobaki, vya bei ya chini. Marehemu aliwahi kuniambia nimevaa viatu vya harusi na soksi za kulimia. Alikuwa akicheka, bega moja likitikisika.

Alhamisi, 6 Juni
Kadi haienei kwenye kasha. Nimeacha ubavu wazi. Nimemwita shemeji kwa kisingizio cha chai. Kaizunguka mashine, kauliza mgonjwa ameshashonwa au daktari bado yumo. Nikamwambia wivu hauna dawa. Nikawasha mchezo. Gari likatoka, likakata kona ya kwanza. Giza! Nikawasha tena. Kona ileile, giza! Pawa saplai haiwezi kulilisha lile dude. Shemeji kacheka hadi kaomba maji. Kisha kaosha vikombe bila kuambiwa, na kikombe cha dada yake kakirudisha palepale kinapokaa.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji kanipeleka kwa fundi, kanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Tumerudisha dude. Nimepewa kadi ya kati, prosesa ya kueleweka, pawa saplai ya nguvu. Kasha limefungika. Mashine inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Aibu tupu.

Jumamosi, 8 Juni
Binti amekuja! Tumecheza hadi alasiri. Kanishinda kila mbio, kaniita Baba Konokono. Mashine haikuzimika hata mara moja. Alipokuwa akivaa viatu kaniambia kwa mjomba alikuwa akienda kwa sababu hapa, kila akiketi sebuleni, mimi naingia chumbani na kufunga mlango. Iwe kompyuta, iwe karata, atakuja tu, mradi nikae naye.

Nimemkumbatia. Ana adabu za mama yake: hataki baba ajione mnyonge. Lakini mimi si wa kudanganywa. Ikiwa kadi ya kati imemleta Jumamosi moja, Jumatatu nakwenda kumuuliza fundi kama mashine moja inaweza kubeba kadi mbili.