Majani ya Ofumbi na Jicho la Mkwe

Habari ilikifikia chungu cha pombe cha Mama Alupo kabla ya Ofumbi mwenyewe: wakubwa wa nyumba za serikali pale Tororo wametangaza kwamba mpangaji atakayeacha majani ya mbele ya nyumba yakauke, atarudishwa kwenye vyumba vya laini, makazi ya vibarua, akavujiwe na mvua.

Ofumbi alipofika, mirija mirefu ilikuwa vinywani tayari, pombe ya wimbi, yaani ulezi, ikipanda kimyakimya. Huyu alikuwa karani wa reli. Baada ya Uhuru alipewa nyumba ya Mzungu mmoja aliyerudi kwao, pamoja na uwanja wa majani na mashine ya kusukuma ya kuyakatia. Tangu siku hiyo akaitwa Bwana Nyasi.

"Bwana Nyasi," akaanza Otai, fundi baiskeli waliyemwita Breki kwa sababu mdomo wake haukuwa nayo. "Nasikia majani yako sasa iko na serikali yake!"

"Breki, niache. Jumamosi watu wa Amuge wanakuja kuona boma. Usingizi sina."

Mirija yote ikatoka vinywani. Amuge ndiye binti ambaye Ofumbi alikuwa akimposa, Mteso kwa kabila, wa upande wa Malaba. Na huko kwao, kama kwetu sote, boma la mtu mwenye adabu hufagiliwa mpaka udongo ung'ae. Majani mlangoni ni ya mvivu, au ya marehemu.

"Mama mkwe akikiona kile kichaka," akasema Odwori, mwuza samaki wa Busia ya Kenya, ambaye hapo chunguni huitwa Redio, "atauliza kaburi liko wapi ili alie kabisa."

"Si kichaka! Nayakata kila wiki."

"Basi kata mpaka udongo. Piga upara! Wageni wakiondoka, yataota tena."

"Redio, majani si ndevu. Ukinyoa mpaka ngozini, jua hili la Januari linaua mizizi. Unapunguza ncha tu, unayaacha na kimo cha kidole, yajitilie kivuli yenyewe."

"Majani inajitilia kivuli!" Breki akajishika mbavu. "Mama Alupo, sikia! Kesho huyu atainunulia mwavuli."

"Cheka tu. Na kisu kiwe kikali. Kikiwa butu kinayararua, ncha zinakuwa kahawia kama zimebabuliwa na moto."

"Na hiyo unakata, unapeleka wapi?" akauliza Mama Alupo, akiongeza maji ya moto chunguni.

"Naiacha palepale, mama. Inaoza, majani yanaila."

"Wee! Majani inakula majani? Mwanangu, hiyo nyumba imekuroga. Na maji unatoa wapi, kiangazi hii?"

"Nayamwagia maji niliyoogea."

"Ndiyo maana siku hizi ananukia!" akadakia Breki. "Anaoga kwa ajili ya majani!"

Ofumbi alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha kuazima. "Nikiyanyoa, nafukuzwa nyumba. Nisipoyanyoa, nanyimwa mke. Haya, wenye akili, semeni."

"Oa majani," akasema Redio.

Kengele ya baiskeli ikalia. Alikuwa mzee Egau, mjomba wa Amuge. Ndivyo wakwe walivyo: wanakwambia Jumamosi, kumbe mmoja ametangulia kuchungulia. Ofumbi alisimama. Mama Alupo akamsogezea mzee kigoda na kumpa mrija.

"Karibu, mzee."

"Nimekaribia. Natoka kwako, mkwe. Nimezunguka hiyo boma yako mara mbili. Kumbe wewe ni mtu wa siri hivi?"

"Nisamehe, mzee. Yale majani..."

"Hiyo majani ndiyo nasema! Ng'ombe zangu zinalamba vumbi, na kwako kijani! Tena imeliwa sawasawa, hakuna bua moja imepita mwenzake. Kundi ndogo haiwezi kula namna ile. Sisi tulisema mahari ni ng'ombe nne kwa kukuonea huruma. Sasa ni saba. Umezificha wapi?"

Redio alipaliwa, pombe ikamtokea puani.

"Mzee, sina ng'ombe! Ile ni mashine. Naisukuma kwa mikono, inakata."

"Mashine inakula majani yote ile?"

"Yote, mzee."

"Na mavi haitoi? Maana nilitafuta."

"Haitoi, mzee."

Egau akavuta mrija taratibu, macho ameyafumba, kama mtu aliyeuza madume kwenye soko la Nagongera tangu ujana wake na hajapunjwa hata mara moja.

"Basi," akasema, "nne inatosha."

Ofumbi akashusha pumzi, akakaa.

"Lakini hiyo mashine, mkwe, ni dume au jike?"

Ofumbi akamtazama Breki. Breki akatazama chungu.

"Sijui, mzee."

"Nenda ukaangalie vizuri. Kama ni jike, ije na zile nne."