Swali la Kupandikiza

Jumatatu, 4 Machi
Tangazo limebandikwa mlangoni mwa maabara. Semina ya Alhamisi, wasemaji wawili: mimi na Kidevu! Ndiye mtafiti mwenzangu, kila akitamka "data" kidevu hupanda juu kana kwamba anainusa. Wote tunatafiti dawa za kupaka kwa vidonda sugu vya wagonjwa wa kisukari. Baada ya semina mkurugenzi atateua kiongozi wa utafiti mpya. Mmoja tu. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Na fahali ni mimi.

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua siri. Ushindi wa semina hauko kwenye mada, uko kwenye maswali. Jibu likitoka upesi, hata madaktari waliofuata chai huamka. Basi nitajipandikizia swali! Nimemwendea shemeji, mke wa kaka, daktari wa upasuaji. Aniulize kama dawa yangu ya kupaka hufanya kazi kwenye kidonda chenye usaha. Jibu ninalo, pamoja na picha za rangi. Akasema huo ni utoto. Nikamkumbusha nani alilea mapacha wake walipougua tetekuwanga. Kakubali huku anasonya.

Jumatano, 6 Machi
Nimembembeleza mratibu wa semina aniweke wa pili, sauti yangu ndiyo ibaki masikioni. Kafanikisha! Halafu Kidevu kaniletea chai ofisini. Eti tupitie slaidi zetu pamoja, turekebishane. Nikamwambia kompyuta yangu imekufa. Ilikuwa inaimba mezani. Chai yake sikuigusa. Baadaye nikainywa. Tamu. Hakika ana lake jambo.

Alhamisi, 7 Machi
Aibu! Shemeji alikuja moja kwa moja kutoka chumba cha upasuaji, hoi, akakaa safu ya mbele na kulala fofofo. Kidevu akamaliza. Makofi! Shemeji akashtuka, akasimama wima kama askari, na kumuuliza yeye swali langu. Neno kwa neno! Nikamkonyeza. Nikakohoa. Nikaangusha kiti. Wapi!

Kidevu akafikiri, akasema hajui, hajapima, ila anaamini mwenzake anayefuata amepima. Mjinga! Kanipa mpira mbele ya goli tupu. Nikapanda jukwaani kifua mbele, nikatoa mada, nikafungua slaidi ya jibu. Nilikuwa nimesahau nilichokiandika juu yake tangu Jumanne, kwa herufi kubwa: "ASANTE SANA, SHEMEJI, KWA SWALI HILO LA GHAFLA."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkurugenzi akavua miwani, akaifuta, akauliza kwa upole nimeichapa saa ngapi. Shemeji alikuwa ameshajifunika uso kwa koti lake jeupe.

Ijumaa, 8 Machi
Kateuliwa Kidevu. Mkurugenzi kasema anataka kiongozi anayeweza kutamka "sijui." Jamani, sifa gani hiyo? Kutojua kila mtu anaweza!

Mchana Kidevu akaja kwangu. Akasema, ukiacha kichekesho cha jana, vipimo vyangu vya usaha ni vizuri kweli, na kwamba alimwomba mkurugenzi niwe naibu wake. Akanipa mkono. Shemeji kapiga simu, kasema mtu wa namna hiyo ashikwe kwa mikono miwili, na niache ujanja.

Wanawake wa upasuaji hawajui siasa. Nimeukubali unaibu, macho chini, sauti ya unyenyekevu. Naibu ndiye jirani wa kiti. Maskini Kidevu! Hajui amemfungulia nani mlango.