Malalamiko Dhidi ya Muhogo wa Gwata

Kwa Mwalimu Melkiori,
Jimu ya Chuma na Jasho, Mlandizi.

Ndugu Mwalimu, salaam na heshima nyingi.

Ni mimi mwanafunzi wako Abdulaziz wa Janga, yule wa kona ya kioo. Nakuandikia kwa uchungu, maana mwili ulionijengea unataka kunivunjia posa.

Jumapili nilikwenda Gwata kwa Mzee Mwinyijuma, baba yake Hajra. Kwao mposaji hung'oa muhogo kwa mkono wake, unachemshwa, na wazee wakishakula ndipo posa inajadiliwa. Nilifurahi sana. Mtu anayenyanyua kilo mia atashindwaje na chakula cha asubuhi?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Muhogo haukufuata utaratibu. Nilipanua miguu, nikanyoosha mgongo, nikashusha pumzi kama ulivyonifundisha. Nikavuta. Shina likabaki mkononi, muhogo ukabaki ardhini. Nikarudia hivyo tuta zima.

2. Bibi yake Hajra, Bi Swaumu, ambaye magoti yanamsumbua hata kuinuka mkekani, alikuja na jembe, akachokoachokoa, akatikisa, akatoa mihogo mitatu minono huku akinisimulia habari za mbuzi wake. Bibi huyu hajawahi kukanyaga jimu. Nataka achunguzwe.

3. Alipomaliza tuta zima, nilipewa kiroba cha mihogo yake nibebe. Mwalimu, kiroba hakina pa kushika. Ukikikumbatia huku, uzito unakimbilia kule. Chuma chako kina adabu, hakijawahi kunigeuka. Nilianguka nacho mbele ya wakwe.

4. Bi Swaumu alijitwika kile kiroba, kisha akaniambia nimpe na shati langu anibebee, maana anaona linanibana.

Wazee walikataa kula muhogo wa bibi, wakanywa chai kavu, wakaondoka. Nimepewa nafasi nyingine Ijumaa, na nasikia Hamza wa Ruvu, mwenye miguu kama fimbo, naye ameomba siku. Mwalimu, nampenda Hajra. Nikimkosa, kifua hiki nitampelekea nani?

Kwa hiyo naomba kabla ya Ijumaa mihogo ya Mzee ifungwe mipini ya chuma. Ikishindikana, shamba lisakafiwe, liwekwe kioo na muziki, kwa kuwa sijawahi kunyanyua kitu bila kujiona. Hata hilo likishindikana, mwandikie Mzee barua yenye muhuri kwamba nguvu ninazo, ila zinapatikana Mlandizi tu.

Nisalimie wote wa zamu ya jioni, na dada Firdausi wa mapokezi, na wote wanaoniulizia.

Wako katika chuma,
Abdulaziz

Nyongeza: Hajra amenipigia sasa hivi. Anasema baba yake hana habari na mashina yaliyokatika. Mzee alikaa pale shambani asubuhi nzima akingoja nimuulize muhogo unang'olewaje. Na Ijumaa atakaa tena. Mimi kumuuliza mkwe naona haya. Kwa hiyo futa maombi yote ya juu, unijibu hili moja, tena kwa siri: muhogo unang'olewaje?