Mawe Matatu Yasiyo na Zahanati

Uliona. Usinitazame hivyo, uliona. Tangazo lilikaa siku kumi na nne kwenye ubao wa kata, chini ya ile karatasi ya chanjo ya mbwa, nawe ukalipita ukijifanya unapokea simu. Basi nitakusomea mimi.

"KITENGO CHA UGUNDUZI WA TOVUTI ZISIZO NA SABABU kinawatangazia wananchi, kuanzia Kibondo hadi Kasulu, kuwa imebainika baadhi ya watu wanamiliki tovuti binafsi ambazo haziuzi kitu, hazitangazi kitu, wala hazikuombwa na mtu. Kila mmiliki athibitishe sababu. Vielelezo halisi viletwe ukumbini siku ya kumi na nne. Atakayeshindwa, tovuti itafungwa na kompyuta itahifadhiwa na Kitengo kwa usalama wa kompyuta yenyewe."

Ernesta alilisoma kabla yako, kwa kuwa ndiye aliyelichapa. Ana kibanda cha kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi ya Kasulu: kompyuta moja, printa moja yenye kikohozi, na hapo ndipo anapokula. Kutengeneza tovuti hakufundishwa na mtu. Mteja mmoja alichapisha kitabu cha maelekezo, kurasa mia mbili, akasema anakwenda kunywa chai. Hajarudi mpaka leo. Ernesta akakisoma chote.

Tovuti yake inaitwa Mawe Yetu. Ina mawe ya msingi arobaini na moja: tarehe, mgeni rasmi, maneno yaliyochongwa, na kilichopo juu ya jiwe leo. Jiwe la tatu, kuku anaatamia. Jiwe la tisa, shule. Kweli ipo, na Ernesta aliandika IPO kwa herufi kubwa, maana alifurahi. Jiwe la kumi na saba, la kumi na nane na la kumi na tisa ni zahanati ileile, kijiji kilekile, mgeni rasmi yuleyule, miaka mitatu tofauti. Juu ya mawe hayo inaanikwa mihogo.

Kijiji hicho ni kwao. Dada yake alijifungulia njiani akibebwa kwa machela, hatua ishirini kutoka jiwe la kumi na nane. Ernesta hakuandika hilo kwenye tovuti. Aliandika mihogo.

Siku ya pili akaja kibandani Afisa Mgunduzi Daraja la Pili, Bwana Gasper, aliyehamishwa kutoka mkoa wa mbali, ambaye hadi leo akisalimiwa kwa Kiha hujibu "asante".

"Mwakeye, bosi."

"Asante. Tovuti hii inamhusu nani?"

"Mawe."

"Mawe yamelalamika?"

"Bado. Yanasubiri."

Gasper akaandika: mawe yanasubiri.

Nyuma ya Ernesta, akingoja zamu yake, alisimama Dieudonné, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kibali cha kutoka kambini mkononi. Tovuti yake ni sauti za majogoo wa kambi, jogoo mmoja mmoja, na maelezo ya tabia zao.

"Majogoo hawa wanawika kwa idhini ya nani?"

"Chef, miye nilikuta banawika tayari. Huyu wa nane, sikiliza muzuri, iko anawika kama mutu mwenye kulala na njaa."

Gasper akasikiliza. Akasikiliza tena. "Ana sauti nzuri," alisema, kisha akakumbuka cheo chake.

Sasa, taratibu ni taratibu. Ili wananchi wazijue tovuti wasizopaswa kuzifungua, anwani zake zote zilibandikwa kwenye mbao za kata, kutoka Nyakitonto hadi Gwarama, kwa herufi nene. Kabla ya hapo Mawe Yetu ilikuwa na wasomaji sita, wanne wakiwa Ernesta mwenyewe. Siku ya tano walifika elfu tatu. Jogoo wa nane akawa mlio wa simu wa bodaboda wote wa stendi. Naye Gasper aliagizwa azifungue tovuti zote kila asubuhi, ili ahakikishe hazifunguki.

Siku ya kumi na nne, ukumbi ulijaa. Kompyuta ya Ernesta ilikuwa tayari imefungwa kamba juu ya meza ya Kitengo. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kipriani, Mkuu wa Kitengo, na zamani mgeni rasmi wa mawe matatu tunayoyajua.

"Binti, picha si ushahidi. Siku hizi picha zinapikwa. Kielelezo halisi unacho?"

Ernesta alitazama ile kamba. "Hapa sina, Mheshimiwa."

"Basi, kwa mamlaka niliyo—"

Nje guta la mizigo likafunga breki. Akaingia Adija, shangazi yake Ernesta, jembe begani, na nyuma yake wanawake wanane wakihema. Walishusha mzigo mmoja mlangoni, wakaurudia mwingine, wakaurudia wa tatu. Yote mitatu waliifunika kwa pazia jekundu la uzinduzi, lile lenyewe. Adija alikuwa akilifunikia unga.

"Tulisoma ubaoni tusifungue, tukafungua," alisema. "Mkasema vielelezo viletwe. Vuta pazia, baba. Umezoea."

Mheshimiwa hakuvuta. Adija akavuta: mawe matatu ya msingi, kila moja na jina la Mheshimiwa.

Gasper, mtu wa taratibu, akatoa fomu ya kupokea vielelezo. "Mheshimiwa, kwenye hali ya kielelezo niandike nini?"

Mahali fulani simu ikawika.

"Andika unachokiona," alisema Mheshimiwa, akiutafuta mlango. Mlangoni kulikuwa na mawe.

Gasper akaandika: *Mawe matatu, yamepokelewa yakiwa hayana zahanati.* Mheshimiwa akasaini, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuona karatasi akaiacha bila saini. Nakala ikaenda mbao za kata zote. Kwenye sababu ya tovuti pakaandikwa: imethibitika, imezuia mlango.

Gasper mwenyewe ndiye aliyefungua ile kamba. "Mwakeye," alimwambia Ernesta. Ilikuwa saa tisa alasiri, na hiyo ni salamu ya asubuhi, lakini Ernesta aliitikia.

Zahanati bado haijajengwa, kwa hiyo usipige makofi. Nakala ile ya fomu ingali ubaoni na kesho inabanduliwa. Nenda leo, uisome kwa sauti. Kisha nenda kwenye jiwe la kwenu. Lipo, umelikalia mara ngapi? Ondoa mihogo, lipige picha, mpelekee Ernesta. Simu unayo mkononi, ile uliyojifanya kuipokea.