Sanduku la Mwavuli

Datius Kahangwa aliingia katika duka la Mama Parvati akiwa na nia ya kumshawishi amuuzie saa ya ukutani kwa bei ya kutupa. Kazi yake ilikuwa udalali. Alikwisha kuuza viwanja vya Ijuganyondo ambavyo wenyewe walikuwa bado wanavilima, simu zenye kioo tu na ndani hewa, na jogoo mmoja ambaye Kahangwa aliapa kwamba ametoka Uholanzi. Alipanga chumba Kahororo. Mali yake ilikuwa suti, pikipiki na sauti nzuri, na katika hivyo vitatu, sauti ndiyo iliyomlisha.

Mama Parvati alikuwa mjane wa Kihindi, mmoja wa wachache waliobaki Bukoba baada ya ndugu zao kuhamia Mwanza, Dar na Uingereza. Aliuza vitambaa, vifungo na nyuzi, na Kihaya chake kiliwafanya wateja kutoka vijijini wageuke kutafuta nani mwingine aliyeongea.

"Saa hiyo haiuzwi," alisema kabla Kahangwa hajamaliza salamu.

"Nani kataja saa, Mama? Nilikuwa natazama picha." Kahangwa alihamisha macho haraka kwenye picha iliyokuwa kando, ya mwanamume mwembamba mwenye kilemba. "Huyu mzee anaonekana alikuwa kiongozi."

"Baba yangu. Aligombea bunge la jimbo kule Saurashtra, mwaka hamsini na mbili. India ndiyo kwanza imepata uhuru, watu wengi hawajui kusoma. Basi kila mgombea aliwekewa sanduku lake la kura, na juu yake kuna picha. Unampenda nani, unatumbukiza karatasi katika sanduku lake. Baba alipewa taa. Mpinzani wake alipewa mwavuli."

"Ikawaje?"

"Mwavuli ulijaa mpaka ukakataa kufungika. Watu walitumbukiza kura, wakatumbukiza na maua, na barua za kumwomba mwavuli mvua. Hata mama yangu aliweka kura yake humo. Alisema mwavuli ulichorwa vizuri zaidi. Baba alipanda meli akaja huku kununua kahawa, hakutaka tena kuulizwa habari za siasa."

Alipokuwa akisimulia haya, Mama Parvati alikuwa ameegemea sanduku kuukuu la bati, jeusi, lenye tundu jembamba juu ya kifuniko. Ubavuni mwake palichorwa mwavuli wa rangi nyekundu.

Kahangwa aliutazama ule mwavuli. Msomaji anapaswa kujua kwamba kuna watu wakiona sanduku kuukuu huona sanduku kuukuu. Kahangwa alimwona Alexander Rutaihwa.

Rutaihwa alikuwa tajiri wa Ngenge, huko Muleba, mwenye ng'ombe, mashamba ya mpunga na kiu ya kuitwa Mheshimiwa. Alikwisha kutia nia ya udiwani mara kadhaa, na kila mara chama chake kilipopiga kura za maoni alirudi nyumbani akilaumu hali ya hewa. Mwaka huu alikuwa anajiandaa tena. Alikuwa na pesa, lakini kuitoa kwake ilikuwa kama kung'olewa jino, na ndiyo maana Kahangwa alikwisha kupanga asimwombe pesa. Atamwomba dume la ng'ombe.

"Mama," alisema, "naomba uniazime sanduku hili. Kuna semina ya demokrasia vijijini, huko Muleba."

"Semina, au kuna mtu unataka kumla?"

"Mimi ni mtu wa elimu, Mama."

Mama Parvati alimtazama juu ya miwani. "Nitakwenda nalo mwenyewe. Marehemu mume wangu alikuwa akinunua kahawa Muleba, nina hamu ya kuona watu. Na wewe uache kitu chako hapa mpaka sanduku lirudi kwenye nafasi yake. Acha pikipiki."

"Ikiwa unakwenda nalo, pikipiki ya nini tena?"

"Mimi ni mzee, naweza kulisahau huko. Pikipiki itakukumbusha wewe."

Kahangwa akahesabu dume moja upande huu, pikipiki ya siku mbili upande ule, akakabidhi funguo.

Jumamosi Rutaihwa, aliyekwisha kupigiwa simu na Kahangwa, alikuja mwenyewe na pikapu yake. Mama Parvati alikaa mbele. Kahangwa alipanda nyuma na suti yake, amekumbatia sanduku kama mtu aliyebeba masalia ya mtakatifu, na kila walipopita shimo aliliambia pole.

Walipofika Ngenge, Kahangwa aliomba kiti na maji, kisha akatoa hotuba. Alieleza jinsi sanduku hili lilivyovuka bahari, jinsi kura zilivyolifuata zenyewe mwaka hamsini na mbili, jinsi wasomi wa Delhi walivyolichunguza wakashindwa. "Mheshimiwa," alimalizia, maana alikwisha kuanza kumwita hivyo tangu Kemondo, "wewe ukiliweka hili chini ya kitanda chako mpaka siku ya kura za maoni, wajumbe watakutafuta."

Rutaihwa alimgeukia Mama Parvati. "Ni kweli, Mama? Baba yako aligombea?"

"Aligombea," alijibu Mama Parvati, na akaomba aongezewe chai.

"Na malipo?"

"Malipo ni neno zito," alisema Kahangwa. "Sanduku haliuzwi. Lakini kwa desturi ya kule, anayelipokea hutoa mnyama mmoja. Nimeona pale nje kuna dume mweusi. Nadhani huyo hata mizimu ya Kihindi itamfurahia."

Rutaihwa aliumia usoni. Alimpenda yule dume. Alifikiri muda mrefu, na ubahili wake, ambao ulikwisha kumwangusha katika kila uchaguzi, ukamletea wazo la kwanza la busara maishani mwake.

"Kabla sijatoa ng'ombe, nataka kuliona likifanya kazi. Kesho baada ya misa majirani na ukoo wanakuja kula hapa. Tupige kura."

Mtu mwingine angetetemeka. Kahangwa alitabasamu, maana jambo hilo alikwisha kuliwaza. Kila mgeni atapewa punje moja ya maharage, ataingia peke yake katika chumba cha stoo na kuitumbukiza anakotaka: ndani ya sanduku la mwavuli kwa ajili ya Rutaihwa, au ndani ya chungu kwa ajili ya mpinzani.

"Mpinzani nani?" aliuliza Rutaihwa. "Sitaki kushindanishwa na mtu atakayekwenda kutangaza kijijini."

"Basi mkeo. Aibu ya kushindwa itabaki nyumbani."

Ephrasia, mke wa Rutaihwa, alikuwa akipita na sinia la ndizi za ebitoke. Aliuliza kama kuna lolote atakalotakiwa kufanya. Aliambiwa hakuna, ashindwe tu. Akasema sawa, akaenda kuwasha moto.

Jioni ile, Rutaihwa alipokuwa akimtembeza Mama Parvati shambani, Kahangwa aliingia stoo, akachota maharage kutoka gunia la mwenye nyumba, na kuyamimina katika sanduku mpaka karibu nusu. Alipangusa mikono, akatoka akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

Asubuhi, kabla ya kwenda misa, Ephrasia alikuwa akifagia stoo. Alisogeza sanduku, likalia kama mvua juu ya bati. Alilifungua. Akamwita Mama Parvati, wakalitazama wote wawili, wakaongea Kihaya kwa sauti ya chini, na jambo fulani katika mazungumzo hayo liliwafanya waketi juu ya magunia na kucheka mpaka Mama Parvati akavua miwani apanguse macho.

"Sasa nifanyeje nayo?" aliuliza Ephrasia.

"Wageni wako watakula nini?"

Wakayapeleka jikoni.

Wageni walifika wengi, maana habari za sanduku la Kihindi zilikwisha kuenea hata kwa wasioalikwa. Walikula kwanza. Kahangwa alikaa meza kuu pamoja na mwenyeji, akasifia kila kitu, na zaidi ya yote maharage. Aliomba sahani ya pili. Akaomba na ya tatu, akasema hajawahi kula maharage yenye ladha ya namna ile. Ephrasia alimpakulia kwa heshima zote, na mwanamume yule akaendelea kuzimeza kura zake kijiko kwa kijiko.

Kisha wakaanza kupiga kura. Waliingia stoo mmoja mmoja, wazee kwanza, wakatoka na nyuso nzito kama watu waliotoka kitubioni. Rutaihwa naye aliingia, na baada yake Kahangwa. Hakuona sababu ya kufunua kifuniko, aliamini kazi yake. Akatumbukiza punje yake katika tundu la sanduku, na hiyo, kwa taarifa tu, ndiyo kura pekee ya uaminifu aliyowahi kupiga.

Mama Parvati aliteuliwa kuwa msimamizi, kwa kuwa alikuwa mgeni na hakuwa na ukoo. Sanduku na chungu vililetwa uani. Alifungua sanduku, akaliinamisha juu ya ungo.

Zilidondoka punje mbili.

Alilipiga sanduku matako, kama haki inavyodai. Hakikutoka kitu. Kisha akainamisha chungu, na maharage yakamwagika mpaka mengine yakakimbilia kwa kuku.

Kahangwa alikuwa anakodolea macho ungo, mkono wake umeshika tumbo, na polepole ufahamu ulianza kumpanda kutoka tumboni hadi usoni.

Rutaihwa alimgeukia mdogo wake, Kyaruzi. "Hata wewe?"

"Kaka, mimi nakujua tangu tukiwa wadogo," alisema Kyaruzi kwa upole. "Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wa watu, wanamwita nani? Shemeji. Pampu ya kisima ikifa, nani anakwenda Muleba kukaa ofisini mpaka wamchoke? Wewe tunakupenda. Lakini tuliulizwa kura, hatukuulizwa upendo."

Mzee mmoja akauliza fomu za udiwani zinachukuliwa lini. Mwingine akasema ni wiki ijayo. Wanawake wa kikundi cha kukopeshana wakaanza kuimba jina la Ephrasia, na Ephrasia mwenyewe, aliyekuwa ameshika mwiko, akauficha nyuma kama aliyekamatwa nao.

"Mimi niliambiwa nishindwe tu," alisema.

Alimtazama mumewe. Kilichofuata ndicho Ngenge wanachokisimulia mpaka leo. Rutaihwa aliziokota zile punje mbili, akazigeuzageuza kiganjani.

"Kwa hiyo nitakuwa mume wa diwani," alisema mwishowe.

"Kama utakubali," alisema Ephrasia.

"Mume wa diwani naye huitwa Mheshimiwa?"

Wazee walishauriana. Walisema sheria haijakataza. Rutaihwa akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, akaitisha pombe ya ndizi, rubisi, kwa wageni wote, jambo lililowashtua kuliko matokeo.

Kahangwa aliona mlango umebaki wazi kidogo, akapenyeza mguu. "Mheshimiwa, sanduku limefanya kazi yake. Limeichagua nyumba hii. Sasa kuhusu yule dume..."

"Dume ni wangu, nilipewa na kaka zangu," alisema Ephrasia. "Na maharage uliyokula sahani tatu yalikuwa ya stoo yetu. Sikudai chochote, kaka, mgeni hadaiwi. Ila sanduku nimelipenda, nitawekea nguo za wajukuu."

"Chukua, mwanangu," alisema Mama Parvati. "Nimekupa."

Kahangwa aligeuka taratibu. "Mama. Ukimpa, halirudi dukani."

"Halirudi."

"Na pikipiki yangu?"

"Si tulipatana mpaka sanduku lirudi? Wewe ni mtu wa elimu, utanisahihisha kama nimekosea."

Kahangwa alipapasa mfuko uliozoea kukaa funguo.

Waliporudi Bukoba kesho yake, Mama Parvati alikaa mbele tena na mkungu wa ndizi miguuni. Kahangwa alishika bomba la pikapu nyuma, akapiga kioo walipofika Kemondo, akainama dirishani. Alisema anakubali kushindwa, lakini kulipa pikipiki kwa sanduku la kura la kihistoria, la mwaka hamsini na mbili, labda hata si hasara.

"Sanduku la kura?" Mama Parvati alishangaa kweli. "Masanduku ya kura yalibaki na serikali ya kule, mwanangu. Hilo mume wangu aliwekea miavuli ya kuuza. Ndiyo maana limechorwa mwavuli."

"Lakini lina tundu."

"Tundu la kutu. Alilinyoosha kwa tindo. Wewe uliomba nikuazime sanduku, hukuuliza ni la nini."

Mama Parvati alimwacha wiki nzima atembee kwa miguu. Kisha akamwita, akamwambia pikipiki ataipata, ila kwanza aende Ngenge akampigie Ephrasia kampeni, na asiseme lolote isipokuwa alichokiona kwa macho yake. Ilikuwa adhabu kubwa. Kahangwa alizunguka kitongoji kwa kitongoji, akasimulia maharage, chungu na sahani tatu, na watu walicheka mpaka wakashika miti. Ephrasia alishinda kura za maoni hata wapinzani wake wakampigia makofi. Rutaihwa alipita katikati ya watu akisalimia kila mtu kwa mikono miwili.

Siku ya sherehe, mzee mnene kutoka kata ya jirani alimvuta Kahangwa hadi nyuma ya migomba. Naye alikuwa mtia nia, na alikuwa ameanguka.

"Nataka sanduku kama lile," alinong'ona.

Kahangwa alifungua mdomo, kisha akakumbuka pikipiki inayomngoja mjini. "Mzee wangu, nitakwambia ukweli mtupu. Lile ni sanduku la miavuli. Tundu ni la kutu. Halina uwezo wowote."

Mzee alimtazama kwa makini, akatabasamu, akamgusa bega kama mtu aliyekutana na fundi wa biashara. "Naona unajua kulinda siri. Nitatoa ng'ombe."

"Mzee, nakuapia. Ni bati tu."

"Na mbuzi," alisema mzee.