Biskuti Zangu za Uongo

Jumamosi, 20 Desemba 2025

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Miaka themanini na mmoja! Ungekosa kuchoka wa nani? Amenikataza chumvi, ngazi na hasira. Ngazi sina. Jioni akaja Salesio, katekista wetu, akaniombea kwa sauti ya mazishi, kisha akasema kama nina mzigo rohoni niutue mapema.

Mzigo ninao. Nauandika hapa, kwa kuwa daftari halina mdomo. Kila Idi jirani yangu Hajji Waqo huniletea kibuyu cha samli, na hapa mtaani Bulla Pesa kibuyu cha jirani hakirudi kitupu. Basi kila Krismasi, miaka kumi na mmoja sasa, nimekirudisha pamoja na biskuti nilizooka kwa mikono yangu. Sijawahi kuoka hata moja! Hutoka kwa Deeqa, mwenye duka la mikate kule Wabera. Mimi huzivunja kingo tu, zionekane za nyumbani.

Kuungama? Hapana. Mtaa mzima utacheka jeneza langu. Nina njia bora: mwaka huu nitazioka kweli. Ukweli mmoja wa mwisho utazisafisha zote za nyuma. Hesabu safi. Nilifundisha hesabu.

Jumatatu, 22 Desemba

Msaidizi: Atabo, mjukuu wangu, miaka sita, amefunga shule. Oveni hatuna. Mchanga ndani ya sufuria kubwa, sahani ya bati juu ya mchanga, mfuniko, makaa chini na juu. Atabo akauliza yai linaingia na ganda au bila ganda. Nikaligeuzageuza yai mkononi. Akauliza mbona mtu aliyeoka miaka yote hiyo anafikiria. Nikamwambia nampima.

Nilitaka nyota. Atabo alitaka ngamia. Tumefanya ngamia. Nimefunua mfuniko mara kumi kuchungulia. Mara ya kumi mfuniko ukaniponyoka, makaa yote yakamwagikia ndani. Kuku wa Hajji akapita chini ya uzio, akadonoa mmoja, akanitazama, akaenda zake.

Jumanne, 23 Desemba

Nimesalimu amri. Nimemtuma mtu wa bodaboda kwa Deeqa kimyakimya. Karudi mikono mitupu: Deeqa yuko harusini Garbatulla hadi Januari. Mungu ananiadhibu kwa harusi!

Na majarini imekwisha. Imebaki samli ya Hajji, bado iko kibuyuni, na kibuyu chenyewe kimefukizwa moshi kama Waborana wanavyofanya. Inanuka kama zizi lililoungua. Kila mwaka huisifia mbele yake, kisha huipaka magotini.

Jumatano, 24 Desemba

Tumetumia samli yote. Sukari tumeisahau. Ngamia wametoka na miguu mitatu, wengine mitano, weusi tumboni. Nimeonja mmoja. Nimekunywa maji vikombe viwili.

Nikaketi nitunge sababu ya kukosa biskuti. Wizi? Panya? Kufa kungefaa. Nilipoinua kichwa, sahani haipo! Atabo keshavuka uzio. Amerudi akisema Babu Hajji ameonja, akafuta macho. Moshi, bila shaka. Na kwamba kesho anakuja, ana swali. Nimelala na viatu.

Alhamisi, 25 Desemba

Amekuja na bakora na kofia mpya. Krismasi njema, Mwalimu. Hata chai hajaonja, akauliza: hizi za jana ameoka nani?

Nikajua nimekwisha. Nikaungama yote: Deeqa, kingo, miaka kumi na mmoja. Nikamwomba anisamehe upesi, sina muda.

Alicheka mpaka kofia ikaangukia kwenye chai. Deeqa ni mke wa mpwa wake! Alijua tangu mwaka wa kwanza. Tena ndiye aliyekuwa akimwagiza Deeqa apunguze sukari, kwa kuwa yeye Hajji ana kisukari. Na mimi kila mwaka nilikwenda kumgombeza yule mama kwa uchoyo! Akaniambia mwalimu mkuu mzima, unaguguna kingo kama panya. Alizila tu asinivunje moyo.

Kisha akatulia. Akasema hizi za jana zina ladha ya maziwa ya mama yake, kule malishoni, kabla hajaja mjini. Alidhani hataionja tena duniani. Amekula ngamia tisa. Akauliza nimetia nini.

Hapo ndipo ningesema. Roho ilikuwa imefuliwa, imeanikwa. Maneno mawili tu: samli yako. Lakini mdomo ukasema ni siri ya ukoo wetu sisi Waturkana, mtu huirithisha akikaribia kufa.

Ijumaa, 26 Desemba

Hajji ameagiza debe zima la biskuti hizi kwa ajili ya Idi. Idi ni Machi. Daktari hakuniahidi Machi, lakini sasa sina budi kufika. Mtu hafi akiwa na oda. Salesio amekuja tena. Nimemwambia roho iko safi kabisa, arudi baada ya Idi.

Tatizo ni samli. Nimemwandikia Hajji kwamba magoti yananiuma, anisaidie na nyingine. Ndani ya kibuyu nimetia ngamia mmoja wa miguu mitatu, kisirudi kitupu. Nikampa Atabo avuke nacho. Akasimama mlangoni, akauliza: kwani, Babu, siri ya ukoo wetu si ni hii samli ya Babu Hajji?

Nikamwambia nilikuwa nampima.